Afya Machoni pa Mwenzi wa Ndoa

Katika ndoa, mwenye mwili si yeye peke yake anayeamua kama ni mzima au mgonjwa. Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, jambo hili huonekana wazi kwenye busha, yaani ngiri maji. Chanzo chake ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na uvimbe huchukua miaka kukua. Kwa kuwa umekuja polepole, na jirani naye anao, mvuvi huuhesabu kuwa jambo la umri, au huyalaumu madafu aliyokunywa ujanani. Mke ndiye huyaona mengine: mume ameacha suruali, anashinda na msuli, anapanda ngalawa kwa kujikongoja, na homa za mitoki haziishi kumrudia.

Je, mke ana haki ya kumwita mgonjwa mtu anayejiona mzima? Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika pwani hii, upo mfano wa Bibi Khadija. Mtume Muhammad aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka na kuihofia nafsi yake, Khadija, mkewe, alimfunika, akamtuliza kwa kumtajia wema wake, kisha akaenda naye kwa mjuzi Waraka bin Naufal. Hakuidharau hofu ya mumewe, wala hakuikubali ilivyo. Aliipima kwa namna alivyomjua, akatafuta na rai ya mjuzi huyo. Ushahidi wa mke wa namna hii ni wa kweli, na mume hana sababu ya kuudharau.

Lakini mwenzi naye huuzoea ugonjwa, akaunyamazia. Kur'ani (2:187) inawafananisha wanandoa na mavazi, na wengi huelewa kuwa siri ya chumbani isitoke nje. Ni sahihi, ila stara inayomficha mgonjwa asifike kwa tabibu imevuka mpaka, kwani Mtume aliamrisha watu wajitibu. Dawa za kingatiba hupunguza vimelea kwenye damu. Busha lililokwisha kukua huondolewa kwa upasuaji, na mke anaweza kumshawishi mumewe kwenda.

Upande wa pili, mume anapomtazama mke mgonjwa, una uzito uleule. Mguu uliovimba kwa matende hutaka kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri katikati ya vidole, na kuinuliwa wakati wa kupumzika. Mume akionyesha kinyaa, mwanamke huacha hata kuufunua, na vidonda vinavyoleta homa hupata nafasi.