Kuomba Njia na Kuomba Jibu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tena wao hao walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwanafunzi aliyeshindwa na hesabu aliyopewa aifanye nyumbani, na mwenzake aiwezaye yu karibu, afuate methali ipi?

Nilipokuwa mwanafunzi, niliifuata ile ya kwanza vibaya. Jioni moja rafiki yangu aliniazima daftari lake, nami nikanakili hesabu zote. Katika moja alikuwa ameandika kwa haraka kwamba 7 mara 8 ni 54. Nami nikaandika vivyo hivyo. Asubuhi mwalimu aliona kosa lile lile katika madaftari mawili. Aliniita ubaoni nieleze, nikasimama kimya kama kisiki. Tuliadhibiwa sote wawili. Adhabu yangu niliistahili. Ya rafiki yangu iliniuma, kwani niliugeuza wema wake kuwa uwongo wa watu wawili.

Je, basi kuomba msaada ni aibu? Hasha! Katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, Socrates anampa kijana mtumwa, asiyepata kufundishwa hesabu, mraba wenye upande wa futi 2, na kumtaka aonyeshe mraba wenye eneo maradufu. Kijana asema upande uwe futi 4. Aonapo kuwa eneo limekuwa 16 badala ya 8, asema 3, akapata 9. Socrates hamcheki. Amchorea mistari na kumwuliza swali baada ya swali, hata kijana atambue mwenyewe kwamba upande utakiwao ni mstari uukatao mraba wa kwanza toka pembe hadi pembe.

Kumbe methali zetu hazigombani. Mwenzako akikuonyesha hatua uliyopotea, kidole chake kimeungana na chako. Akikupa jibu tupu, amekupa chake, nawe u maskini vile vile. Kwa hiyo wewe uombwaye, usiogope kuitwa mchoyo, uliza kwanza, “Umefika wapi?” kisha anzieni hapo pamoja. Nawe uombaye, ukiisha kuelezwa, lifunike daftari la mwenzako, uifanye hesabu upya peke yako. Ukiiweza, umesaidiwa. Ukishindwa, rudi ukaulize tena pasipo haya, kwa maana kuuliza mara mbili ni heri kuliko kunyamaza ubaoni.