Harusi tunachangia, ada tunaiachia riba



Ninasomesha Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari hapa Sumbawanga. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya riba, hakosekani mwanafunzi wa kunyoosha mkono: "Ustadhi, na mkopo wa chuo kikuu je?" Swali hilo lilikuwa zito kwa miaka mingi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilifika mahali ikawa inaongeza asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni, kwa hoja ya kulinda thamani ya fedha. Wengi wetu tuliiona kuwa ni riba kwa jina jingine. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuifuta tozo ile. Alhamdulillahi.

Lakini Waislamu wenzangu, kuna kundi ambalo mjadala wote ule haukuligusa. Hawa ni wale wanaosoma huku wanafanya kazi: mwalimu wa diploma anayetafuta digrii, muuguzi, karani wa halmashauri. Masharti ya Bodi yamekuwa yakimtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi. Mwenye mshahara, hata uwe mdogo kiasi gani, anahesabiwa kuwa anajiweza. Huku kwetu Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa mjini, na mtu anasoma bila kuacha kazi yake wala shamba lake. Hiyo ni neema kubwa. Ila ada ni ada, na anailipa kutoka katika mshahara ule ule unaolisha nyumba.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Nilisoma digrii yangu nikiwa kazini, nina mke na watoto wawili, na mama yangu yuko kijijini ananitegemea. Mwaka wa mwisho mitihani ilikaribia na ada sina. Nikaenda kwenye taasisi moja ya fedha, nikasaini fomu ya mkopo wa kukatwa kwenye mshahara, mkopo wa riba. Mimi, ambaye wiki ile ile nilikuwa nimetoka kuwasomesha vijana aya ya 275 ya Suratul Baqara! Sitafuti udhuru. Nimetubu, na bado namwomba Mola maghufira.

Deni lilipoisha nilimweleza mzee mmoja wa msikiti wetu. Alisikitika sana. "Mwanangu, kwa nini hukutuambia?" Nikamuuliza kwa adabu, "Mzee wangu, ningewaambia, mngefanya nini?" Akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa sababu sikuuliza ili kumfedhehesha. Kadi za michango ya harusi zinanifikia karibu kila mwezi, nami hutoa. Kadi ya ada ya chuo sijawahi kuletewa hata moja. Na wala mimi sikuwahi kupeleka yangu.

Hebu tujiulize, dini yetu inamtazamaje mtu anayesoma huku anachuma? Katika Sahih Bukhari tunasoma kwamba Sayyidna Umar (RA), aliyekuwa akiishi pembezoni mwa Madina, alipokezana zamu na jirani yake wa Kianswari. Siku moja huyu alishuka kwa Mtume (SAW), siku ya pili yule, na kila mmoja alimletea mwenzake yaliyofundishwa. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa, na imepokewa kuwa alimgharimia mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyetoka katika familia duni, ili asiache masomo kwa kutafuta chakula. Abu Yusuf huyo ndiye aliyekuja kuwa kadhi mkuu zama za Harun Rashid.

Kuna ndugu watasema, mwenye mshahara si fukara. Naam, lakini tuirejee aya ya 79 ya Suratul Kahf. Wale wenye jahazi lililotobolewa walikuwa na chombo na walikuwa na kazi, na bado Allah (SW) amewaita masikini. Ndipo wanazuoni wa Kishafii wakasema masikini ni yule mwenye kipato kisichotosheleza haja zake. Kama ada ya chuo imo ndani ya haja hizo, hilo masheikh watuongoze. Mimi ni mwalimu, si mufti. Ninachojua ni kwamba mahindi ya Ufipa ni ya mvua, na yakifika nisabu ya wasaki tano, ambayo wengi huikadiria kilo 650 hivi, zaka yake ni fungu moja la kumi. Ni magunia mangapi yanatoka Uwanda huu kila msimu, na ya Waislamu yanaishia wapi?

Tena hata tukiiweka zaka pembeni, karadha njema haina ikhtilafu. Msikiti ukiwa na mfuko mdogo, mwajiriwa akakopeshwa ada, akarudisha kidogo kidogo bila nyongeza, kuna ugumu gani? Hofu ya wazee naijua: watu hawalipi. Ni kweli, wapo, na wengine ni walimu wenzangu. Ndiyo maana aya ya 282 ya Baqara imeagiza deni liandikwe na kushuhudiwa. Fedha ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, asipewe mtu mkononi, na awe na wadhamini wawili wanaoswali naye. Akiuguliwa au akifiwa, aya ya 280 imeshatuelekeza kumpa muda. Na dada zetu waingie tangu mwanzo, maana nyumbani ada ikipungua, mara nyingi anayeambiwa asubiri ni mke.

Wiki hii nimemwendea tena yule mzee. Aliniambia tulilete jambo hili kwenye kamati baada ya mavuno. Nikamwambia kuna muuguzi mmoja hapa hapa mtaani ambaye mitihani yake iko kabla ya mavuno, na fomu ya mkopo ameshaichukua, bado hajasaini. Akafikiri kidogo, akasema basi tukae Ijumaa hii baada ya swala. Daftari nimeshanunua.