Fundi Aliyeanza na Maduka

Kila mwaka majira ya vuli, ukumbi wa George R. Brown katikati ya jiji la Houston, Texas, hufurika wapenzi wa mifarishi: ile inayoungwa kwa vipande vya vitambaa juu, pamba katikati na bitana chini. Maonyesho hayo, International Quilt Festival, yalianzishwa miaka ya 1970 na Karey Bresenhan, aliyekuwa na duka la mifarishi mjini humo. Siku hizi huvuta makumi ya maelfu ya watu. Ndani ya ukumbi huohuo kuna mifarishi iliyotundikwa na kuna maduka ya vitambaa, nyuzi na cherehani. Mtego uko hapo.

Basi fundi mmoja Mtanzania, mkazi wa Dallas, alikwenda huko na wifi yake.

"Wifi, tutazame kwanza," alisema mwenzake.

"We wifi, vitambaa vizuri vitaisha! Mifarishi imetundikwa, haikimbii."

Wakaachana mlangoni bila kupanga pa kukutana.

Kufika adhuhuri, fundi alikuwa amenunua vitambaa, mikasi na bunda zima la pamba ya kujazia. Mifuko ilimkata mabega. Viatu vipya vilimtoa malengelenge. Kwa kuwa nje kulikuwa na joto alivaa nguo nyepesi, na humo ndani viyoyozi vikamtetemesha. Alipofika kwenye mifarishi, mwili ulishasalimu amri.

Hata hivyo mmoja ulimsimamisha. Mishono yake ya mkono ilikuwa midogo mno, na fundi hupima kazi ya mwenziwe kwa kutazama nyuma. Akanyoosha mkono aufunue. Mama mmoja wa kujitolea, mwenye glovu nyeupe, akamzuia kwa upole, kisha akaufunua mwenyewe. Mafuta na jasho la vidole hunywewa na pamba. Leo hayaonekani, lakini baada ya miaka huacha doa, sembuse maelfu wakigusa palepale. Fundi alitaka kuuliza mengi, ila miguu ilikataa. Akatoka akiwa ameona safu moja tu.

Jioni wifi yake alimwonyesha picha, kila mfarishi na kibao chenye jina la aliyeushona.

"Vitambaa ulivyonunua, wifi, hata Dallas vipo. Mifarishi hii ikishushwa, kila mmoja unarudi kwa mwenyewe. Utaionea wapi tena?"

Funzo ni kwamba kinachouzwa hutafutika kwingine, lakini kilichotundikwa kina siku zake. Ukienda kwenye maonyesho makubwa, chukua ramani mlangoni na uanze na mifarishi, miguu ingali na nguvu. Vaa viatu ulivyovizoea, beba sweta, na mpange na mwenzio saa na mahali pa kukutana, kwani simu huisha chaji. Usiguse, mwombe mwenye glovu akuonyeshe nyuma, naye atafurahi. Soma vibao kabla ya kupiga picha, maana si kila mshonaji ameruhusu. Ukitaka darasa, jiandikishe mapema. Madukani nenda mwisho, ukiwa na karatasi yenye yadi unazohitaji na kiasi cha fedha ulichojipangia. Ukishaona kazi za wengine, utajua hasa kitambaa gani unakihitaji, na huenda ukagundua kwamba tayari unacho nyumbani.