Wanaotangulia Kunywa

Boti ilitoka Kipini saa moja asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Tulikuwa sita, kila mtu na simu mkononi. Mikoko pande zote mbili, halafu kiboko mmoja, masikio na macho tu juu ya maji. Nahodha akazima injini ili tupige picha. Mimi nilikuwa nimelipwa kuandika makala ya kusifia mandhari, na kusema ukweli, sikuhitaji kuongeza chumvi.

Chumvi niliikuta Ozi.

Ozi ni kijiji cha Wapokomo karibu na Tana unapoingia baharini. Katika karne ya 19, Sultani wa Witu alichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi. Baadaye Tana wenyewe ukahamia huko, mkondo wa zamani ukapoteza maji. Yaani huo mto tuliokuwa tunaupiga picha uko pale kwa sababu mtu wa juu aliamua.

Mzee mmoja alitupa madafu, akaniuliza kwetu ni wapi.

"Maua, Mzee. Meru."

Akacheka. "Kumbe nyinyi ndio mnaotangulia kunywa!"

Kisha akanionyesha shamba lililokuwa la mpunga. Mto ukipungua nguvu, bahari inapanda na kuingia mashambani. Ardhi ilikuwa imekauka na kuwa nyeupe juu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonisumbua.

Vijito vya Nyambene vinashuka hadi Ura, na Ura unaingia Tana. Kwetu tuna pampu kwenye kijito. Inanyweshea miraa, na miraa ndiyo iliyonilipia karo mpaka nilipoacha chuo mwaka wa pili. Kuna ratiba ya zamu ya maji. Mama huwasha pampu usiku, hata zamu ikiwa si yetu. Majirani pia.

Nikiwa kwenye boti tukirudi nilianza kujitetea. Si kuna mabwawa? Kindaruma tangu 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kapampu ketu ni nini mbele ya Masinga?

Kitabu kimoja nilichobaki nacho kutoka chuo ni Reasons and Persons cha Derek Parfit, cha 1984. Anaweka mfano: majeruhi elfu wana kiu jangwani, na watu elfu, kila mmoja na kipimo chake cha maji, wanamimina kwenye tangi moja litakalogawiwa wote. Kipimo chako kikigawanywa mara elfu, hakuna atakayehisi tofauti. Basi usimimine? Kwake, kosa ni kulipima tendo lako peke yake wakati ni sehemu ya matendo ya wengi. Sasa geuza huo mfano. Badala ya kumimina, kila mtu anateka, usiku, na kila mtu anasema chake hakihisiki.

Ila mimi nina swali ambalo majeruhi wa Parfit hawaniulizi. Tukizima sisi peke yetu, jirani atateka hayo maji kabla hayajafika hata Ura. Mzee hapati kitu, mama anapata hasara. Bado naona zamu ya mtu ni zamu ya mtu, hata kama mwizi ni kijiji kizima.

Nilimpigia mama nikamwambia hivyo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe utatuma ngapi mwisho wa mwezi?"

Makala niliyowasilisha ilikuwa na kiboko, mikoko na madafu. Malipo yalipoingia nilimtumia elfu mbili. Alinunua petroli.