Uzee Milimani: Deni au Zamu?

Mji wa Same uko tambarare, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Ni mahali pakavu, penye upepo na vumbi, na nyuma yake milima ya Upare Kusini inapanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Kati ya stendi ya mji na vijiji vya juu kama Mbaga, Chome, Suji na Mamba, mizigo hupanda na kushuka kila siku. Zinashuka tangawizi, maharage na ndizi. Zinapanda sukari, mafuta ya kupikia, mablanketi na dawa za presha. Pesa nazo zinapanda, ila siku hizi zinakwenda kwa simu bila kungoja gari. Ukimuuliza kijana wa mjini kwa nini anamtumia pesa mama yake aliyeko milimani, jibu huja haraka: alinilea, nami sasa nalipa.

Hilo ni jibu la mtu mwema. Hata hivyo limebeba wazo zito, kwamba malezi yalikuwa mkopo na uzee wa mzazi ndio siku ya marejesho. Wazo hilo linastahili kuchunguzwa, maana mtu huifanya kazi ya kumtunza mzee kwa kadiri anavyoielewa.

Deni lina tabia zake. Lina kiasi, lina tarehe, na likishalipwa limekwisha; mkopaji na mkopeshaji wanaachana kwa amani. Malezi hayana hata moja kati ya hayo. Nani atautia bei usiku ambao mama alimbeba mtoto mwenye homa kali, akateremka naye mlima hadi zahanati? Na tuseme bei imepatikana, na mtoto amelipa hadi senti ya mwisho: je, ana ruhusa ya kumwambia mama yake kwamba hesabu imefungwa?

Mwanafalsafa wa Marekani Jane English aliliona tatizo hili. Katika insha iliyochapishwa mwaka 1979 aliuliza watoto waliokua wanadaiwa nini na wazazi wao, akajibu kwa ujasiri: hawadaiwi kitu. Kwa maoni yake, deni huzaliwa na hisani iliyoombwa, na hakuna mtoto aliyeomba kulelewa. Kinachomfunga mtoto kwa mzazi ni upendo, ule unaowafunga marafiki, na wajibu wake unapimwa kwa mahitaji ya mzazi na uwezo wa mtoto, wala si kwa yale aliyofanyiwa utotoni. Upendo ukikatika, msingi wa wajibu huo nao unayumba.

Miaka miwili baadaye, Juni 1981, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Nairobi wakapitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ibara ya 29 inamtaka kila mtu awaheshimu wazazi wake wakati wote na awatunze wanapokuwa na shida. Haiulizi kama wanapendana. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1984.

Pande hizi mbili zinapingana, lakini kila upande unamwona mzazi mmoja na mtoto mmoja wametazamana. Anayetazama kutoka milimani Upare anaona mstari mrefu zaidi wa watu.

Chukua ndiva. Ni bwawa dogo linalojengwa mteremkoni kwa udongo na mawe. Usiku mfereji hulijaza kutoka kwenye kijito. Asubuhi hufunguliwa, na maji huteremka shambani kwa nguvu ambayo kijito peke yake kisingekuwa nayo. Wapare walianza kuyachimba mabwawa haya kabla ya wakoloni kufika, na mengi yalikuwa chini ya ukoo wa aliyeyaanzisha. Ndiva haidumu yenyewe. Tope hujaa, kingo hubomoka, mfereji huziba kwa majani. Ndiyo sababu ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo watu huitwa kwenda kuzoa tope na kuzibua mfereji, na anayekwepa hutozwa faini. Maji yenyewe hugawanywa kwa zamu.

Mkulima anayefungua maji leo hakulichimba bwawa lile. Aliyelichimba amekufa zamani, hawezi kulipwa. Wala hakuna mkataba kati yao. Mkulima huyu amezaliwa akaikuta zamu, akala chakula kilichomea kwa maji hayo kabla hajajua kushika jembe, na siku ilipofika akaitwa kwenye tope pamoja na wenzake. Akizoa, hafuti deni la waliotangulia; anaiacha ndiva ikiwa hai kwa watakaokuja.

Utunzaji wa wazee una sura hiyo. Zamu haimwulizi mtu kama aliomba, kwa hiyo hoja ya Jane English haiivunji. Haidai marejesho ya kiasi fulani, kwa hiyo hakuna siku mtoto atakapofunga hesabu. Na haiishi kati ya watu wawili. Anayemnawisha baba yake leo yuko katikati ya mstari: nyuma yake kuna watu waliowanawisha wazee wao, na mbele yake kuna watoto wanaomwangalia.

Wapare wa zamani waliupeleka wajibu huu mbali kuliko deni lolote linavyoweza kufika. Kabla Ukristo na Uislamu havijaenea, koo nyingi zilikuwa na desturi ya kulifukua fuvu la mzee baada ya muda tangu azikwe na kulihifadhi mahali patakatifu pa ukoo, chini ya mwamba au ndani ya kijisitu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikata. Aliyekufa hawezi kudai, na hakuna faida ya kibiashara ya kumhudumia. Lakini alihudumiwa. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika marehemu anaendelea kuwa mmoja wa familia maadamu wapo watu waliomfahamu kwa jina. Leo mafuvu hayahudumiwi kama zamani. Waadventista Wasabato walifungua misheni yao Giti mwaka 1903, Walutheri wakajenga Mbaga, na Usangi na Ugweno, upande wa Upare Kaskazini, kuna Waislamu wengi. Dini zote hizo zinaamuru wazazi waheshimiwe, na familia nyingi zinaendelea kumpa mtoto jina la babu au bibi yake. Imani zimebadilika, na jina la mzee bado linaitwa uani kila jioni mtoto anapotakiwa kuingia ndani.

Kama wajibu ni zamu, inabidi kuuliza zamu yenyewe ni ya kufanya nini. Historia ya Same ina jambo la kufundisha hapa. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa kutazama mali ya kila kaya. Wapare waliikataa. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani, wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Siku zikawa nyingi, nyumba milimani zikabaki bila wanaume. Hatimaye wanawake wa Usangi wakaandamana na kumkabili mkuu wa wilaya wa Kiingereza kwa madai yaliyomtikisa: ama amalize mgogoro waume zao warudi, ama yeye mwenyewe awe mume wao wote. Kodi ile ilikuja kufutwa.

Wanawake wale walisema kitu ambacho makadirio ya mali hayakuwa na safu ya kukiandika. Nyumba yenye chakula ghalani inaweza kuwa imepungukiwa, kwa sababu tu watu wake hawapo.

Uzee wa leo milimani una upungufu wa aina hiyohiyo. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zianze nchini mwaka 2008, mtoto aliyeko Dar es Salaam anaweza kununua dawa ya baba yake kwa dakika chache. Ni baraka kubwa, na anayeidharau hajawahi kuona mzee akikosa dawa ya presha kwa wiki mbili. Lakini pesa haimshiki mzee mkono kwenye njia yenye utelezi wakati wa masika. Haitambui kwamba ameanza kulisahau jina la jirani, wala kwamba sufuria ya makande imebaki jikoni bila kuguswa tangu jana. Mambo hayo anayaona aliyepo.

Na aliyepo, mara nyingi, ni mwanamke. Ni binti ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani, au mke wa kitinda mimba, au mjukuu wa kike aliyemaliza darasa la saba. Huyu ndiye anayechota maji, anayefua mashuka, anayeamka saa nane za usiku. Familia inapokaa kikao, mwenye sauti kubwa ni yule anayetuma pesa kutoka mjini. Mchango wake unaandikwa kwenye daftari kwa tarakimu, na wa dada yake hauandikwi popote. Hapa ndipo wazo la deni linapodhuru kweli: linahesabu kinachohesabika, kisha linaita kilichobaki upendo wa kike na kukiacha bila malipo wala shukrani. Kwenye ndiva mambo hayaendi hivyo. Kila mwenye shamba anajua nani alikuja kwenye tope na nani hakuja, na hakuna kaya moja inayoachiwa kuzoa tope la wote mwaka baada ya mwaka. Zamu isiyozunguka si zamu tena. Ni mzigo wa mtu mmoja.

Kuna kosa la pili ndani ya lugha ya deni: linamfanya mzee awe mtu wa kupokea tu. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alieleza kwamba mzee wa jadi aliheshimiwa kwa sababu alikuwa ameitumikia jamii kwa muda mrefu kuliko wengine. Ni hoja nzuri, lakini inaitazama kazi iliyokwisha. Mwanahistoria Profesa Isaria Kimambo aliwaendea wazee kwa ajili ya kazi iliyokuwa mbele. Katika miaka ya 1960 alizunguka milima hii akisikiliza simulizi za koo, na mwaka 1969 ikachapishwa historia yake ya kisiasa ya Wapare tangu karne ya 16. Bila wazee kukubali kukaa na kusimulia, kitabu kile kisingeandikwa. Walikuwa na zamu yao pia, ya kukabidhi, na walihitaji mtu wa kuwapokea.

Serikali nayo ina nafasi yake kwenye mstari. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: Aprili 2016 ilianza kuwalipa wote waliofikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hata wale ambao hawakuwahi kuajiriwa. Wapo wanaohofu kwamba pensheni ya namna hiyo itawafanya watoto wajione wameondolewa wajibu. Hofu hiyo ina nguvu kwa anayeamini kuwa wajibu wenyewe ni pesa. Mzee wa Chome mwenye hela yake ya chumvi na sabuni bado anahitaji mtu wa kwenda naye Moshi hospitali ya KCMC, na bado anatamani mtu wa kumsikiliza.

Zamu ngumu kuliko zote itawafikia watoto waliozaliwa Tabata na Mbagala, jijini Dar es Salaam, ambao Chasu, lugha ya Wapare, wanaisikia tu wazazi wao wanapoongea na simu. Zipo familia zinazowapandisha milimani likizo za Juni na Desemba wakakae na bibi. Mtoto wa miaka 9 hamsaidii bibi kazi nyingi. Anachota ndoo nusu, anauliza maswali mengi, anaogopa giza la choo cha nje. Ila anamwona shangazi akimpaka bibi mafuta miguuni, na siku moja anaambiwa ashike chupa ya mafuta. Wazazi wake wakikaa kikao cha kugawana majukumu ya mwaka, likizo hiyo inafaa iandikwe daftarini, pamoja na siku za shangazi na pesa za baba mdogo, mstari kwa mstari, kwa jina la kila mmoja.