Kitunguu au Mtungi?

Jirani yangu hapa Kitengela alimwagikiwa na ethanoli kangani akijaza jiko, adhana ya Adhuhuri inaadhiniwa. Akaja kuniuliza kama kanga ile yafaa kuswalia, maana ajua nafundisha kemia na nilisomeshwa fiqhi ya Kishafii nikiwa mdogo Lamu. Nikamwambia avae nyingine. Kwa mafundisho yetu kilevi cha majimaji ni najisi, hata kikitiwa sumu kisinyweke. Wapo wanazuoni wa leo wasioihesabu spiriti ya viwandani kuwa najisi, nami siwapingi, ila kubadili kanga ni jambo jepesi.

Zito ni hili. Imamu Nawawi wa Kishafii, katika kitabu chake Minhaj, anaeleza kwamba mvinyo ukigeuka siki wenyewe hutoharika. Hata ukihamishwa kutoka juani hadi kivulini, kauli yenye nguvu ni hiyo hiyo. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu, hautohariki: kitunguu kilichotiwa kimenajisika, nacho huirudishia siki najisi ile. Na mtungi je, haukulowa mvinyo? Mtungi hutoharika pamoja na siki, la sivyo siki tohara isingepatikana duniani.

Sasa tazama seli ya fueli inayotoa umeme kwa ethanoli. Platinamu ni kichocheo hodari, lakini ni ghali, na uso wake huzibwa na monoksidi ya kaboni. Ndiyo maana watafiti wanajaribu nikeli, madini yaliyoko hata Kabanga, Ngara, nchini Tanzania. Huifanya chembe za nanomita chache (milimita moja ni nanomita milioni moja), ili madini kidogo yawe na uso mpana. Chembe hupakwa kwenye elektrodi, ikazamishwa katika alkali kali. Magadi ya ziwa letu la Kajiado ni hafifu kwa kazi hii. Molekuli ya ethanoli ikioksidishwa hadi mwisho hutoa elektroni 12. Kwa nikeli aghalabu hutoka 4 tu, kwa kuwa kifungo cha kaboni na kaboni hakivunjiki. Kinachobaki ni asetati, chumvi ya asidi ya siki.

Kwa mhandisi hiyo ni hasara. Mimi naliona swali la Nawawi. Nikeli imetiwa kwa mkono wa mtu, kwa kusudi la kugeuza. Lakini anayehamisha chombo kivulini naye ana kusudi, na hakuzuiwa. Basi ila, yaani sababu ya hukumu, haiko katika kusudi, iko katika kile kinachosalia ndani. Kitunguu huachia maji yake. Nikeli hupokea elektroni usoni pake, huzipitisha kwenye waya, ikarudia hali yake, na mageuzi yote hufanyika ukutani mwake. Naihesabu mtungi.

Isipokuwa elektrodi huchakaa. Chembe ziking'oka zikaelea, hizo nazihesabu kitunguu. Kwa hiyo kipimo cha uimara, ambacho maabara hukifanya kwa kuhofia gharama, kwangu ni ushahidi wa kisheria, na ningetaka kadhi aulizwe akiwa nacho mezani.