Stika ya Mlangoni

Nimekulia kando ya barabara ya Morogoro, ambako mtoto wa miaka kumi anajua mizani ni kitu gani. Malori yalipanga foleni Vigwaza, na dereva aliyezidisha mzigo ulimtambua kwa jasho kabla hajafika dirishani. Kwa hiyo sina cha kujitetea kwa nilichokuja kukifanya ukubwani, Columbus, Ohio, nilipoinunulia familia yangu nyumba ya magurudumu bila kupima kitu chochote isipokuwa ulaini wa sofa.

Nazungumzia tela la kulala, lile linalofungwa nyuma ya gari, ndani lina jiko, choo na vitanda. Kwa Wamarekani ni kitu cha kawaida kama mtumbwi kwa watu wa ziwani, na matela mengi hutengenezwa kuzunguka mji wa Elkhart, Indiana, saa chache tu kutoka kwetu. Sisi tulikuwa watano, na wa sita alikuwa tumboni. Hoteli zilishatushinda bei. Siku tulipoingia kwenye yadi, muuzaji alituuliza swali moja zuri: mnahitaji vitanda vingapi?

Tukasema familia inakua, bora kuchukua kubwa mara moja. Akatuonyesha la futi 32, lenye dabodeka mbili nyuma na ukuta unaosukumwa nje ukishaegesha, sebule ikatanuka. Watoto walipanda vitandani na viatu. Mke wangu alifungua makabati yote. Mimi nikakaa kwenye sofa.

Muuzaji aliuliza aina ya pikapu yangu, akatazama kompyuta, akasema inaweza kuvuta kilo 4,300, na tela hili likiwa tupu lina kilo 2,950. "Una nafasi tele," akasema. Sijawahi kumwita mwongo, kwa sababu kila namba aliyonipa ilikuwa ya kweli. Nikasaini mkopo wa miaka 15.

Julai tukaondoka kwenda Great Smoky Mountains, Tennessee. Kambi ya Cades Cove haina umeme wa kuchomeka tela, basi nikapakia jenereta nyuma ya pikapu. Mkaa, kasha la barafu, masufuria, unga wa ugali, maana huko milimani utaupata wapi? Tulilala Lexington, Kentucky, mji ambako Kiswahili utakisikia dukani na kanisani kwa jinsi Wakongo walivyo wengi. Mwenyeji wetu, Mkongo mmoja mkarimu sana, alizunguka gari asubuhi akatikisa kichwa. "Ndugu, mutukari yako imekaa chini."

Kweli ilikuwa imekaa. Nyuma imeinama, pua imetazama mbingu. Usiku uliopita taa zangu zilikuwa zikimulika matawi ya miti. Tukafanya kile ambacho naamini watu tisa kati ya kumi wangefanya. Tulihamisha. Jenereta, mkaa, kasha la barafu na baiskeli tatu tukavipeleka mwisho kabisa wa tela, chini ya dabodeka. Tanki la maji, lita 180, nalo liko hukohuko nyuma ya ekseli, na mke wangu akashauri tulijaze kabla ya kuondoka. Pikapu ikainuka, ikakaa sawa. Tukapeana mikono kama mafundi.

Ukiingia Tennessee kwa I-75 unakutana na mlima Jellico. Kupanda tulipanda vizuri. Kwenye mteremko, semi moja ikatupita kwa kasi, upepo wake ukatusukuma, halafu ukatuvuta. Nikahisi kitu kikigonga kiuno cha gari. Kwenye kioo cha pembeni nikaliona tela limetoka upande wa kushoto, likarudi, likatokea kulia, kila mara likienda mbali zaidi ya mara iliyotangulia.

"Baba, nini hiyo?" mke wangu akauliza, kwa sauti ya chini ambayo iliniogopesha kuliko kelele.

Nikakanyaga breki. Hilo ndilo kosa. Gari linapopunguza mwendo ghafla, tela lililokwisha kuyumba linalisukuma kutoka nyuma, na mkia unaongeza nguvu. Chini ya usukani nilikuwa na kisanduku cha breki za tela, chenye kitufe cha kuminya kwa kidole. Unaachia mafuta, unashika usukani uende moja kwa moja, breki ya gari huigusi, unaminya kile kitufe ili tela lenyewe ndilo lifunge breki na kujinyoosha. Fundi aliyekifunga alinionyesha kitufe siku ile, nami nikaitikia huku nikitafuta simu yangu.

Chuma cha ukingo wa barabara kilituchubua ubavu mzima wa nyuma, mabati yakakunjuka kama ganda la chungwa. Kisha tukasimama. Hakuna aliyeumia. Mtoto wa kati akauliza kama tumefika.

Tulijikokota taratibu hadi kituo cha malori, na hapo, kwa dola chache, nikapanda mizani. Mtoto wa barabara ya Morogoro! Malori ya mizigo hulazimishwa kupima; tela la familia hupita tu, hakuna anayeliuliza. Tukapima tukiwa tumeunganishwa, tukafungua tela, tukapima gari peke yake. Tela lilikuwa na kilo 3,520. Kati ya hizo, pua yake ilikuwa imeegemea gari kwa kilo 250 tu, asilimia 7. Pua inapaswa kubeba kati ya asilimia 10 na 15, la sivyo mkia unacheza. Kule Lexington tulikuwa tumeiponya pikapu kwa kuliua tela.

Basi si turudishe tu mizigo mbele? Dereva mmoja mzee wa lori alinifungulia mlango wangu mwenyewe na kunionyesha stika ambayo nimeifungulia na kuifungia mlango kila siku kwa miaka minne. Imeandikwa kwa kilo na kwa pauni: uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo 590. Nikachukua kalamu. Mimi 92. Mke wangu 74. Watoto watatu, 110. Chuma cha kuungia tela, 40. Zikabaki kilo 274. Pua ya tela hilo, hata kwa asilimia 10, inadai 352. Hata jenereta ningeitupa mtoni, hesabu isingekubali.

Zile kilo 4,300 za kompyuta hupimwa gari likiwa na dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68 hivi. Si mtu na mkewe mjamzito na wanafunzi watatu wanaokula chapati. Uzito wa mtoto na uzito wa pua ya tela vinachotwa kwenye kapu moja. Nilikuwa nimenunua kubwa kwa sababu familia inakua, kumbe kila kilo waliyoongeza watoto ndiyo iliyokuwa ikilipunguza tela ninaloweza kuvuta.

Usiku ule motelini mke wangu alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Pikapu ina mikanda mingapi?"

Mitano. Na watu hawakai ndani ya tela likiwa barabarani. Tulikuwa tumemnunulia kitanda mtoto ambaye hakuwa na kiti.

Tela tuliliuza kwa bei iliyo chini ya deni lake, na tofauti tuliilipa kwa miezi mingi nisiyopenda kuihesabu. Safari hii tulianza na gari: la viti vinane, mlango ukafunguliwa, stika ikasomwa kabla ya kuulizwa bei. Tela lilifuata, lililotumika, la futi 22, dabodeka moja na meza inayogeuka kitanda. Nilikwenda na slipa ili nyayo zisikie sakafu inapobonyea pembeni, maana maji yakishaingia ukutani rangi nzuri haikwambii. Nilisoma tarakimu nne za mwisho kwenye tairi, wiki na mwaka zilipotengenezwa. Kashata zilikuwa nzima, lakini tairi zilikuwa na miaka saba, nikadai mpya. Juu ya sofa sikukaa. Nilisahau.

Sasa kila Mei mizani ya bafuni inatolewa hadi sebuleni, tunapanda mmoja mmoja, mke wangu anaandika. Mwaka huu kifungua mimba ameongeza kilo 11. Baiskeli zimebaki nyumbani.